Tovuti ipo, wageni hawaioni

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Tanga, na karibu zote zinazunguka jambo moja: tovuti imetengenezwa, pesa imetoka, lakini mtu akitafuta Google anawakuta wengine. Tumechagua tano. Mbili za mwanzo tumezijibu kwa kirefu kwa kuwa tatizo lake ni la wengi.

Waungwana, salaam. Nina nyumba ya wageni Raskazone. Nikiandika jina lake Google inatokea, ila nikiandika "nyumba ya wageni Tanga" nafika ukurasa wa 6 sijaiona. Niliambiwa niongeze maneno muhimu, nimeyaongeza mpaka yamejaa. Nifanyeje? – Mama mwenye nyumba, Raskazone

Shikamoo mama. Anza kwa kuyatoa hayo maneno. Aya ya kwanza uliyotutumia inasomeka hivi: "Karibu nyumba ya wageni Tanga. Sisi ni nyumba bora ya wageni Tanga, nyumba ya wageni bei nafuu Tanga mjini." Tanga imetajwa mara tatu, nyumba ya wageni mara tatu, na msomaji bado hajui chumba ni shilingi ngapi. Kanuni za Google zinahesabu kurundika maneno namna hiyo kuwa ni udanganyifu. Na lile fungu la "maneno muhimu" ambalo fundi alilijaza nyuma ya ukurasa, Google ilitangaza tangu Septemba 2009 kwamba hailitumii katika kupanga matokeo.

Mfikirie anayetafuta. Yumo ndani ya basi, ameshapita Segera, bando limebaki kidogo. Anataka kujua bei, kama kuna feni au kiyoyozi, atafikaje kutoka stendi ya Kange, gari litalala ndani ya geti au nje, na akifika saa 5 usiku kama yupo wa kumfungulia. Aya ile tungeiandika hivi, nawe utie bei na idadi zako:

"Tuna vyumba 9 Raskazone, vyote vina choo na bafu ndani. Chumba cha feni ni shilingi 35,000, cha kiyoyozi 50,000, pamoja na chai ya asubuhi, vitumbua na maharage ya nazi. Geti lina mlinzi usiku kucha na uani yanaingia magari 6. Ukishuka Kange chukua bajaji. Tupigie ukiwa njiani tukuambie nauli. Tunapokea wageni hata usiku wa manane."

Hapo hapakurundikwa neno, lakini anayetafuta chumba chenye kiyoyozi Raskazone, au pa kulala penye maegesho ya gari, amekwisha kujibiwa, na Google ina kitu cha kumwonyesha. Kichwa cha ukurasa, yale maandishi makubwa yanayobonyezwa kwenye matokeo, sasa kinasema "Nyumbani". Kibadilishe kiwe "Nyumba ya wageni Raskazone, Tanga: vyumba, bei na maegesho". Kina herufi zisizofika 60. Kikirefuka sana hukatwa katikati.

Usianze kwa kugombea "nyumba ya wageni Tanga". Hapo juu pameshikwa na tovuti kubwa za kuwekea vyumba pamoja na ramani ya Google yenyewe. Shika maswali madogo ambayo hao wakubwa hawayajibu. Ukurasa mmoja ueleze njia ya kutoka Kange hadi mlangoni kwako, kona kwa kona. Mwingine uwe wa wanaokwenda mapango ya Amboni: kwamba yako kaskazini mwa mji, kama kilomita 8, upande wa barabara ya Horohoro; watoke kwako saa ngapi, wavae viatu gani, na chakula cha mchana utawafungia au watakula wapi. Wewe unayajua haya kwa sababu unawajibu wageni kila siku. Andika majibu yale yale unayoyatoa mapokezi.

Ramani nayo ina mlango wake, Google Business Profile, na ni bure. Jina, simu na mahali viandikwe sawasawa na vilivyo kwenye tovuti. Jina liwe lile la kwenye kibao chako cha nje. Ukiliongezea "bei nafuu Tanga" unavunja kanuni na wanaweza kukusimamisha.

Mwisho ni picha, na hapa ndipo wageni wanapokukimbia. Picha ya simu ya leo inafika MB 4 au zaidi. Umeweka 20 ukurasa wa mbele, kwa hiyo unamdai msomaji MB 80 kabla hajauona mlango. Zipunguze upana ziwe pikseli 1,200, uzihifadhi kwa muundo wa WebP, kila moja isizidi KB 150. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa kuliko vyote vinavyoonekana ukurasa unapofunguka kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Pima kwa PageSpeed Insights, chombo cha bure cha Google cha kupima kasi, usome matokeo ya simu badala ya kompyuta, maana Google siku hizi huisoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu.

Nauza viungo vya Amani, Muheza, dukani Ngamiani na kwa kutuma mikoani. Nimeandika makala 60, nyingine za maneno 1,500 kama nilivyoshauriwa. Search Console, chombo cha Google cha kufuatilia tovuti, inasema Google imeingiza 9 tu. Zilizobaki imezipitia ila haijaziweka kwenye fahirisi. Je, mtambo una kosa? – Muuza iliki, Ngamiani

Hapana kaka. Maana ya taarifa hiyo ni kwamba roboti la Google lilikuja, likasoma, likaondoka bila kuhifadhi. Mara nyingi ni kwa sababu lilichokisoma kimekwisha kuandikwa kwingine. Umetutumia vichwa vyako: "Faida 10 za mdalasini", "Faida 7 za mdalasini", "Mdalasini na asali". Mambo yaliyomo ni yale yale ya kila tovuti, yamegeuzwa maneno tu. Google ilianza kuzishusha tovuti za namna hii Februari 2011 kwa badiliko lililoitwa Panda. Agosti 2022 iliongeza mfumo wa kutambua maudhui yenye manufaa, na Machi 2024 mfumo huo ukaingizwa ndani ya mfumo mkuu wa kupanga matokeo. Kurasa dhaifu zikiwa nyingi, hata zile 9 nzuri zinaweza kuvutwa chini. Hesabu ya maneno 1,500 haitoki Google. Google haina idadi inayoipenda. Kama jibu linaisha kwa maneno 300, liishie hapo.

Fungua ripoti ya utendaji ya Search Console, uweke muda wa miezi 16, ndio mrefu kuliko wote inaoutoa. Orodhesha makala zote 60 kwenye daftari: anwani, imeonekana mara ngapi, imebonyezwa mara ngapi, na mbele yake uandike jambo moja lililomo ambalo haliko kwingine. Makala zinazojibu swali moja ziunganishe katika anwani ile iliyoonekana mara nyingi zaidi, na anwani nyingine uzielekeze hapo moja kwa moja kwa amri ya 301, ile ya kuhamisha anwani kwa kudumu. Usizielekeze zote kwenye ukurasa wa mbele, kwa sababu Google huhesabu hilo sawa na ukurasa usiopatikana. Isiyo na cha kuokoa ifute. Tukipiga jicho kwenye vichwa vyako, 60 zitabaki kama 12, na usizionee huruma.

Kisha andika unachokijua kwa mkono. Mnunuzi wa Dodoma hajui kutofautisha mdalasini. Mwonyeshe picha ya vijiti viwili juu ya kitambaa cheupe, na sarafu pembeni kwa kipimo: wa Kisiloni ni maganda membamba yaliyoviringana tabaka juu ya tabaka, unavunjika kwa vidole, wa aina ya kasia ni gamba moja nene, gumu, lenye uwazi katikati. Iliki iliyoanikwa kwenye jua kali hupauka, iliyokaushwa kivulini hubaki kijani. Pilipili manga imwage kwenye bakuli la maji, nyepesi zitaelea. Weka bei ya kilo, kiasi cha chini unachotuma, na jinsi unavyofunga isipate unyevu njiani. Tarehe ya bei iwe ya kweli. Kubadilisha tarehe bila kubadilisha kilichomo hakusaidii.

Na tafadhali toa ile sentensi inayosema mdalasini unatibu kisukari. Mambo ya afya hupimwa kwa ukali zaidi, na kuna mtu anaweza kuacha dawa kwa ajili yake.

Kuna mtu ananiahidi nafasi ya kwanza Google kwa laki 3, ataniwekea linki 500. Nimlipe? – Fundi samani, Chumbageni

Usimlipe. Hakuna anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza, na Google yenyewe inawatahadharisha watu dhidi ya ahadi hiyo. Ni kweli tovuti nyingine kukutaja kwa linki kunasaidia, lakini za kununua zilianza kuadhibiwa Aprili 2012 kwa badiliko la Penguin, na leo nyingi hupuuzwa tu, yaani laki 3 imekwenda na maji. Hoteli uliyoitengenezea vitanda iombe iweke picha yake na jina lako. Linki moja ya namna hiyo inatosha kuanzia.

Natembeza wageni Amboni, Tongoni na Pangani. Niandike Kiswahili au Kiingereza? Na nikiiachia AI iandike kurasa 100, Google itanifungia? – Kijana wa utalii, Tanga mjini

Andika zote mbili, ila kila lugha na anwani yake: /sw/ na /en/. Usichanganye aya za Kiswahili na za Kiingereza kwenye ukurasa mmoja. Mwambie fundi aweke alama ya hreflang, inayoiambia Google ukurasa ni wa lugha gani, na kila ukurasa umtaje mwenzake; mmoja akimtaja mwingine bila kutajwa naye, Google haiijali alama hiyo.

Usitafsiri tu. Mgeni wa Ujerumani anauliza kama atahitaji kubadilisha fedha kabla ya kuja. Mwalimu wa Korogwe anauliza kiingilio cha wanafunzi 80, basi litaegesha wapi, na watoto watapata wapi maji na choo. Ukurasa wa Kiswahili uandikwe kwa ajili ya mwalimu huyo, kwa maneno anayoyaandika yeye: "kiingilio", "nauli", "bei ya". Andika "mapango ya Amboni" kwenye Google bila kubonyeza kutafuta, usome mapendekezo yanayoshuka chini. Hayo ni maswali ya watu halisi.

Kuhusu hiyo AI, yaani akili mnemba, chombo chenyewe hakikatazwi. Kanuni ya Machi 2024 inakataza kuzalisha kurasa kwa wingi ili kupanda tu, bila faida kwa msomaji, ziwe zimeandikwa na mashine au na watu. Kurasa 100 zitaangukia humo. Itumie kukupangia vichwa au kukagua tahajia, kisha kila bei, umbali na saa uvihakiki mwenyewe. Mashine haijasimama langoni Amboni.

Fundi alibadilisha sura ya tovuti ya duka letu. Wiki tatu baadaye imepotea Google, hata kwa jina. – Wauza baiskeli, Barabara ya 8

Hili si la maudhui. Kama tovuti imejengwa kwa WordPress, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kusoma. Kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiingize tovuti. Mafundi hukitia tiki wakati wa kazi na kusahau kukitoa. Kitoe. Kisha andika anwani yenu ikifuatiwa na /robots.txt, mkiona mstari "Disallow: /" chini ya "User-agent: *", roboti zote zimefungiwa mlango mzima. Tatu, angalieni kama anwani za kurasa zimebadilika. Kila ya zamani ielekezwe kwa mpya yake kwa 301. Mkimaliza, kagueni ukurasa wa mbele ndani ya Search Console, muombe uingizwe upya, na mtume ramani ya tovuti (sitemap), yaani orodha ya kurasa zenu. Ukurasa huo unaweza kurudi baada ya siku chache. Kurasa nyingine zitachukua wiki kadhaa.