Kutembea si kipimo: mkimbize huyo punda kabla hujalipa

Ndugu uliyeuliza jana kama umnunue punda dume wa Njoro, yule wa shilingi 18,000 ambaye mwenyewe anasema "ni mzima, ona anavyotembea": huko kutembea ndiko kulikonimaliza mimi.

Mwaka 2017 nilinunua dume upande wa Rongai. Nilifika saa nne, nikamkuta kashafungwa mkokoteni, ametoka kuteka maji. Akapita mbele yangu kama bwana harusi. Nikalipa. Kesho yake alfajiri, kwenye lami Kaptembwa, huku Nakuru, alianza siku akichechemea kidogo, halafu akizunguka nusu saa anapata joto na kunyooka. Nikasema ni uchovu wa safari. Wiki ya pili, na mitungi 20 ya lita 20 mgongoni pa mkokoteni (hizo ni kilo 400 za maji peke yake), alisimama katikati ya barabara akagoma, matatu zinanipigia honi.

Daktari wa mifugo alinishika vidole akaniwekea juu tu ya ukwato wa mbele, kushoto. Uvimbe mgumu kama jiwe chini ya ngozi. Akanihamishia mguu wa kulia: laini. Kiungo kimechakaa, akasema, na hakirudi.

Punda huficha maumivu kuliko farasi. Ukimwona anachechemea waziwazi, ujue ameumia kitambo. Kwa hiyo nenda asubuhi na mapema bila kupiga simu, umkute mwili bado baridi, hajafanya kazi. Akishakuwa amepashwa joto au kudungwa dawa ya maumivu, utanunua kiini macho.

Mwombe mzee mwenye punda amkimbize kwa kamba, mwendo wa mchakamchaka, bila mzigo, kwenye lami au murramu ngumu. Kamba iwe legevu. Ikivutwa, kichwa hakisemi kitu. Tazama kichwa akija kwako. Mguu wa mbele unaouma ukikanyaga, kichwa kinapanda. Ule mzima ukikanyaga, kinashuka. Akienda, tazama nyonga: upande unaopanda na kushuka zaidi ya mwenzake ndio wenye shida. Sikiliza pia. Kwato nne nzima hupiga ngoma moja, na mwenye maumivu utasikia pigo moja limekuwa jepesi. Mimi siku hizi hufumba macho kabisa, watu wacheke wakitaka.

Kisha inua kila mguu. Linganisha kushoto na kulia kwa kiganja: joto, uvimbe, nyufa. Chokonoa uchafu chini ya ukwato. Pakinuka kama kitu kilichooza, kuna ugonjwa, ingawa huo hutibika na bei inaweza kushuka. Mguu ambao hataki kabisa kukupa, uliza kwa nini.

Vidonda vya mgongoni na kifuani usivipuuze, lakini mara nyingi kosa ni la matandiko anayovishwa na vitapona akipumzishwa. Kikohozi nacho, msikilize baada ya kukimbia.

Umri: mfungue mdomo. Punda wa miaka 5 hivi ameshamaliza kubadilisha meno yote ya mbele. Ukiambiwa ana 4 na yale ya pembeni kabisa tayari ni ya ukubwani na yamelika, mzee amesahau kuhesabu.

Na usisahau karatasi. Wakati vichinjio vya punda vilipokuwa vikifanya kazi Naivasha na Mogotio, punda waliibiwa usiku mpaka watu wakalala nao nyumba moja. Dai barua ya chifu inayomtaja muuzaji, na kibali cha kusafirisha mifugo kabla hujamtoa Njoro.

Mwenyewe akikataa kumkimbiza, eti "atachoka", mshukuru kwa chai urudi na 18,000 zako. Wangu bado ninaye, hapa Lanet. Hubebeshwa mtungi mmoja tu, wa maji yake mwenyewe.