Muulize Fundi wa Mabegi: Anza kwa Kutazama Ndani

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaotaka kununua kitu kimoja kikae: begi, sanduku la safari, tochi ya mfukoni. Kazi yangu ni kushona na kukarabati mabegi, kwa hiyo majibu yangu yanatoka upande wa ndani wa kitambaa, kule ambako mnunuzi hatazami na ambako vitu huanza kuachia.

Swali: Shikamoo mama fundi. Nasoma chuo na kila siku nabeba kompyuta, vitabu na chupa ya maji. Mabegi mawili sasa yamenikatikia mkanda pale pale, juu mgongoni, mahali mkanda unapoungana na begi. Muuzaji ananiambia nichukue la kitambaa cha 1000D, eti hilo halikatiki. Nimwamini? – Mwanachuo

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote litazame vizuri lile begi la pili. Naamini kitambaa chake ni kizima na mkanda wenyewe ni mzima. Kilichoachia ni maungio. Ndivyo yanavyonifikia mabegi mengi mezani: kitambaa bado kina nguvu ya miaka, mshono umeshakwisha.

Hiyo D ni kipimo cha uzito wa uzi. Mita 9,000 za uzi zikipimwa zikafika gramu 1,000, uzi huo ni 1000D. Namba inakwambia uzi ni mnene kiasi gani, lakini haikwambii umefumwa kwa kubanwa vipi, wala begi limeshonwaje. Kwa mzigo wako nailoni ya 500D inatosha kabisa, na begi litakuwa jepesi zaidi. Uliza pia kama ni nailoni au poliesta. Nailoni hustahimili kusuguliwa kuliko poliesta ya unene ule ule; poliesta nayo huvumilia jua zaidi na hainyonyi maji sana. Zote mbili zinafaa kwa chuo.

Sasa fungua begi dukani, ingiza mkono, livute nje pindo la ndani pale mkanda unapoanzia. Begi lililoshonwa kwa kulipua kazi utalijua hapo hapo. Ncha ya mkanda imeingizwa kwenye mshono kidogo tu, haizidi upana wa kucha, ikapigwa mstari mmoja wa cherehani, basi. Kila hatua unayotembea, uzito unazivuta nyuzi za kitambaa kutoka ukingoni, moja baada ya nyingine, mpaka siku mkanda unachomoka wote pamoja na mshono wake. Begi lililoshonwa na mtu anayejua kazi, ncha ya mkanda imeachwa ndefu, imebanwa kati ya kitambaa na kiraka cha kuongeza nguvu, na cherehani imepita hapo mara kadhaa. Utaona mraba wenye msalaba ndani yake, au kijistari kifupi cha uzi uliobanana, ulioenda na kurudi mpaka ukawa mgumu ukiugusa. Kile kijistari ndicho ninachokitafuta kwanza. Hakiwekwi kwa bahati. Aliyekiweka alifikiria mahali mzigo utakapovuta.

Ukiwa bado huko ndani, pitisha kidole kwenye kingo za mishono. Zimefunikwa kwa utepe? Vizuri. Zikiwa wazi na nyuzi zinakushika kidole, zitaendelea kuchambuka siku hadi siku mpaka zifike kwenye mstari wa cherehani, na hapo hakuna tena cha kushikilia. Tazama na vitobo vya sindano: vitatu hadi vinne kwa sentimita moja ni sawa kwa begi la kazi. Vikiwa vichache sana, kila pindo la uzi linabeba kupita kiasi. Vikibanana mno, kitambaa kimetobolewa hovyo na kitachanika kufuata mstari ule ule. Na uzi uwe wa nailoni au poliesta. Uzi wa pamba huoza kwa jasho na mvua.

Halafu mwombe muuzaji ruhusa utie vitu vizito, ulinyanyue begi kwa mkanda mmoja, na macho yako yawe kwenye maungio. Vitobo vikipanuka na uzi ukaonekana umening'inia katikati, lirudishe. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekujibu tayari.

Yale mabegi yako mawili usiyatupe. Mpelekee fundi, mwambie afumue mshono wa juu, aweke kiraka kipana kwa ndani, aingize mkanda kwa kina na kuushona mraba wenye msalaba. Begi linaweza kutoka imara kuliko lilivyotoka kiwandani.

Swali: Fundi, zipu ya begi langu inafunga vizuri, lakini nikishapita inaachia nyuma. Nimeambiwa ni lazima ibadilishwe yote. Na nikinunua begi jingine niangalie nini kwenye zipu? – Mama wa wawili

Dada, usibadilishe yote kabla ya kujaribu hili. Meno yakiwa hayajang'oka wala kupinda, mara nyingi mgonjwa ni kichwa cha zipu. Kichwa hicho kazi yake ni kuyabana meno pamoja. Kikisuguliwa muda mrefu kinapanuka na hakibani tena. Chukua plaisi, ubane taratibu upande wa nyuma wa kichwa, kushoto kidogo, kulia kidogo, ukijaribu kila mara. Usikandamize kwa nguvu, chuma hicho huvunjika kirahisi. Ikishindikana, kichwa peke yake kinabadilishwa, na ni kazi ndogo.

Ukinunua, geuza kichwa cha zipu usome nyuma yake. Mara nyingi kuna namba: 3, 5, 8 au 10. Kwa makadirio ni upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Mdomo mkubwa wa begi la safari nautaka uwe na namba 8 au 10. Namba 5 iwe ya mifuko ya pembeni. Ukiona zipu nyembamba ya mfuko wa kalamu imewekwa kufunga begi la lita 40, aliyelitengeneza alibana matumizi mahali pabaya kuliko pote.

Wengi wanatafuta herufi za YKK, kampuni iliyoanzishwa Japani mwaka 1934 na Tadao Yoshida, na sifa yake ni ya haki. Lakini herufi huigwa, kwa hiyo jaribu kwa mkono. Fungua na ufunge mara kadhaa, hasa kwenye kona. Kona iliyokunjwa kwa ghafla huua zipu nzuri, kwa sababu kila ukipita unavuta meno kando; kona ya mviringo mpana huipa zipu maisha. Na kwa begi napenda zipu ya meno ya nailoni yaliyosokotwa kuliko ya chuma. Inapinda bila kulalamika, na ikifumuka katikati mara nyingi ukirudisha kichwa nyuma inajifunga upya. Ya chuma ikipoteza jino moja, imekwisha.

Swali: Nasafiri kikazi mara kwa mara. Sanduku la magurudumu mawili au manne? Gumu au la kitambaa? – Msafiri

Ndugu yangu, uliza kwanza unatembea juu ya nini. Magurudumu manne ni raha kwenye sakafu laini, unalisukuma kando yako bila kulibeba mkononi. Kwenye lami iliyochimbika na ngazi, mawili hushinda: huwa makubwa zaidi na yamezama ndani ya mwili wa sanduku, hayatokezi nje kusubiri kugongwa. Umbo hilo la sanduku linalosimama wima na kuvutwa kwa mpini lilibuniwa na rubani, Robert Plath, katika miaka ya 1980, na bado sijaona la kulipita kwa mtu anayetembea kwa haraka kwenye njia mbaya.

Magurudumu yoyote utakayochagua, pindua sanduku utazame yamefungwa kwa nini. Skrubu zikionekana, yatabadilishwa. Yakiwa yamepigwa ribiti, gurudumu moja likifa sanduku zima linaelekea jalalani. Hili nalipa uzito kuliko rangi, chapa na dhamana.

Kama ni gumu, chagua la plastiki ya polikaboneti. Ikigongwa hubonyea na kurudi, wakati plastiki ya ABS ni kavu zaidi na hupasuka, hasa pembeni. Bonyeza kifuniko kwa kiganja: kikikubali kidogo na kurudi, ni dalili njema. La kitambaa lina mifuko ya nje na likichanika linashoneka, ndiyo maana mimi nabeba la kitambaa. Mpini uvute mpaka mwisho na uutikise. Ukicheza dukani, njiani utakuwa mbaya zaidi.

Swali: Begi langu zuri nililihifadhi kabatini. Juzi nimelitoa, ndani linanata na linabanduka vipande vyeusi. Halikutumika hata kidogo! Limeingiliwa na nini? – Mwenye uchungu

Pole sana. Ni utando wa poliyurethani, ule unaopakwa ndani ya kitambaa ili kuzuia maji, na ndio huo huo unaotengeneza sura ya ngozi bandia nyingi. Unyevu wa hewa huuvunja kidogo kidogo, na joto huharakisha. Ukianza kunata haurudi. Mwambie fundi aondoe bitana na kuweka mpya, kama kitambaa cha nje ni kizima. Jingine lihifadhi mahali pakavu penye hewa, lisifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki, na lisiwekwe likiwa bado na unyevu wa kuoshwa. Ukinunua la mtumba, ingiza mkono mpaka chini, usugue kwa kidole: likinata au likitoa unga, liache.

Swali: Nataka tochi ndogo ya kukaa mfukoni kila siku. Zote zinajisifu mwanga mkubwa. – Mlinzi wa usiku

Zile lumeni kubwa za kwenye boksi, yaani kipimo cha mwanga, kwa kawaida ni za dakika chache, maana tochi ndogo hupata moto na hujipunguza yenyewe. Soma inawaka muda gani kwa mwanga wa kati, huo ndio utakaoutumia. Itumie betri inayopatikana popote, kama AA, au ichajiwe kwa USB-C. Swichi iwe imezama, au iwe na namna ya kufungwa, isije ikawaka mfukoni. Ikiandikwa IPX7, imejaribiwa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Kwa mvua ya lindo lako inatosha na kuzidi.

Swali: Pawabanki yangu ni ya mAh 20,000. Nitaruhusiwa kupanda nayo ndege? – Mgeni wa safari

Kwa kawaida ndiyo, lakini ibebe mkononi. Isiwekwe kwenye mzigo unaokwenda chini. Kipimo kinachotumika ni wati-saa, yaani kiasi cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi. Zidisha mAh kwa volti za betri, ambazo kwa kawaida ni 3.7, ugawe kwa 1,000: yako ni 74. Mpaka 100 haihitaji kibali, kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza, na zaidi ya hapo abiria haruhusiwi kuibeba. Mashirika mengine yana masharti zaidi kuhusu kuitumia angani, kwa hiyo soma ya kwako kabla ya kuondoka. Na kama haijaandikwa uwezo wake mahali popote, nunua nyingine iliyoandikwa, kwa sababu mkaguzi anaweza kuizuia pale mlangoni.