Kwa Nini Fundi wa Poka Hufungwa na Mwanagenzi?

Swali: Mhariri, salaam. Kwenye karata zetu za Jumamosi yuko mmoja anayeijua poka barabara, lakini juzi kafilisiwa na kijana ambaye hata mpangilio wa karata hajaushika. Sasa poka ni akili au bahati tupu? *(Msomaji, Tanga)*

Jibu: Usiku mmoja haukwambii kitu. Katika poka ya Texas kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa mezani kwa wote. Tuseme fundi ana ree mbili (vijana huziita esi), kijana ana wafalme wawili, na wote wamesukuma pesa zote kabla hata karata moja haijafunuliwa. Fundi hajakosea chochote, maana hakuna mwanzo bora kuliko huo. Hata hivyo kijana atazoa pesa karibu mara 18 katika kila 100.

Faida ya mchezaji huhesabiwa kwa dau la lazima, lile linalowekwa kabla ya kugawa. Anayewazidi wenzake vizuri hupata wastani wa madau 5 katika kila migao 100, huku matokeo yake yakiyumba kwa madau 90 hivi, juu au chini, ndani ya migao hiyohiyo. Ukipiga hesabu, baada ya migao 10,000 bado ana nafasi karibu 3 kwa 10 ya kuwa na hasara. Ikifika 100,000, nafasi hiyo inashuka hadi 4 kwa 100. Mkigawa mara 30 kwa saa, kwa saa sita, migao 10,000 ni kama Jumamosi 56 zenu.

Ndiyo maana poka ni ngumu kujifunza kuliko bao. Kwenye bao kete zote ziko wazi. Ukifungwa unaweza kurudi hadi kwenye shimo ulilokosea. Mcheza poka hulipwa kwa kosa na kuadhibiwa kwa uamuzi sahihi, na asiyeandika alichoamua na kwa nini hujifunza uongo.

Swali: Nitajuaje kama nifuate dau au nitupe karata? Rafiki yangu huhesabu karata zinazoweza kumwokoa, huzidisha kwa 4 apate asilimia ya nafasi yake, na kila siku analia. *(Msomaji, Nakuru)*

Jibu: Tuseme unawinda rangi moja, yaani kopa tano: una kopa mbili mkononi, mezani zimefunuliwa karata nne na mbili ni kopa. Kopa zote ni 13. Nne unaziona, zimebaki 9. Karata usizoziona ni 46. Tisa kwa 46 ni kama asilimia 20 (njia ya mkato: 9 mara 2, unapata 18).

Mezani pana shilingi 1,200. Mwenzio akiweka 300, unalipa 300 kugombea jumla ya 1,800, yaani unahitaji asilimia 17 tu: fuata. Akiweka 600, unalipa 600 katika 2,400, asilimia 25: tupa.

Kuzidisha kwa 4 ni kwa pale karata mbili bado hazijafunuliwa na hakuna dau jingine litakaloongezwa. Rafiki yako huenda anaitumia hata ikibaki moja, anajiona ana 36 kumbe ana 20. Tena aangalie jozi mezani: kopa yake ya tano inaweza kumkamilishia mwenzake tatu na jozi (karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine), na hizo huipiku rangi moja.

Swali: Kupiga mkwara, yaani kuweka dau ukiwa na karata mbovu ili mwenzio aogope atupe zake, si kipaji cha kusoma nyuso? *(Msomaji, Bujumbura)*

Jibu: Nyuso husaidia kidogo. Januari 2017, huko Pittsburgh, Marekani, programu ya Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda mabingwa wanne, mmoja mmoja, kwa migao 120,000, nayo haina macho. Ili kupunguza bahati, karata zilezile zilichezwa mara mbili, pande zikiwa zimebadilishwa.

Mkwara ni uwiano. Ukiweka dau sawa na pesa zilizo mezani, karata ya mwisho ikishafunuliwa, kila madau mawili ya karata nzuri yaandamane na dau moja la mkwara. Hapo mwenzio akifuata au akitupa ni mamoja kwake. Shida ni kwamba binadamu hajui kuchagua ovyo. Ukitaka kupiga mkwara kwa theluthi ya karata zako mbovu, tazama mshale wa sekunde: ukiwa kati ya 0 na 19, piga; vinginevyo, acha. Na saa hiyo uitazame hata ukiwa na karata nzuri, la sivyo watakushtukia.