Punda akitoka vigaga juu ya kwato, usikimbilie kumuosha

Mi nina punda wawili hapa Nachingwea wa kuvuta mkokoteni, msimu wa korosho wanapeleka magunia ghalani, alafu mvua zikishika kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili kazi yao inakua maji na kuni, na ndo kipindi hicho miguu inawaharibikia.

Inaanzia nyuma ya kifundo, pale palaini juu ya kwato. Nywele zinashikana kama zimemwagiwa gundi, ukipitisha vidole unasikia vinundu, baadae ni vigaga na chini yake usaha. Mwaka wa kwanza nikajua ni uchafu tu, jike langu nikawa namuosha kila jioni na sabuni ya kufulia, vigaga navibandua vikavu kwa kucha, damu inatoka mnyama anarusha mateke, na kesho yake vimeongezeka. Inaniuma mpaka leo maana nilimtesa mwenyewe.

Kumbe adui ni maji. Mara nyingi anayesababisha ni bakteria anaitwa Dermatophilus congolensis, alielezwa mwaka 1915 kwa ng'ombe wa Kongo, na anashika pia mbuzi, farasi na punda. Ngozi kavu isiyo na jeraha hapiti kirahisi, ila ikilowa muda mrefu inalainika, tope linaikwaruza, anaingia. Na punda asili yake nchi kame, manyoya yake hayazuii maji vizuri kama ya farasi, kwahiyo kumwacha nje na mvua usiku kucha ni kumuonea.

Sasa hivi nafanya hivi: napunguza nywele za pale kwa mkasi, navaa glovu maana na binadamu anaambukizwa, napaka dawa ya kuua vijidudu, klorheksidini au ayodini, iliyochanganywa na maji kama chupa inavyosema, naiacha dakika 10, vigaga vilivyolainika vinatoka vyenyewe, vinavyogoma naviacha. Nasuuza, alafu nakausha na kitambaa safi mpaka pakauke KABISA, hapo ndo penye dawa yenyewe kwa kweli. Narudia baada ya siku mbili tatu, sio kila siku. Na oili chafu ya gari jamani tuache, inaunguza ngozi na kufungia uchafu ndani.

Bandani nimeinua sakafu kwa kifusi na changarawe, juu maranda, nayabadilisha yakilowa. Akirudi na tope nasubiri likauke nalipiga brashi, sipeleki maji.

Mguu ukivimba, ukawa wa moto, au anachechemea, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, anaweza kuhitaji sindano ya antibayotiki na dozi anapanga yeye. Akiwa anapiga piga miguu chini na kujikuna sana mwambie pia, inaweza kuwa utitiri na hiyo dawa yake ni nyingine.