Maswali ya Wasomaji: Klabu ya Picha Isife Mkutano wa Nne

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa viongozi wa klabu ndogo za wapiga picha wa ridhaa hapa Nairobi, zile za watu kumi hadi ishirini zinazokutana Jumamosi mtaani. Walioandika kuuliza wanunue kamera gani tumewaweka kando. Hatujaona klabu iliyokufa kwa kukosa kamera.

Tuko 14. Watano tuna kamera, waliobaki wana simu. Mkutano wa kwanza walikuja wote, wa pili tisa, wa tatu sita. Tunakutana, tunazungumzia lenzi, tunatawanyika. Je, wa simu tuwatengee kundi lao? — Mwenyekiti, Umoja

Mwenyekiti, ugonjwa umeutaja mwenyewe: mnazungumzia lenzi. Mwenye simu hana la kuchangia hapo, na mwenye kamera ya bei ndogo anaona aibu. Mkutano wenu uanze na picha ukutani, na mazungumzo mengine yote yafuate nyuma. Kila mwanachama atume picha mbili kabla ya Jumatano usiku, katibu azipange, na Jumamosi mtazame ishirini tu. Kwa dakika tatu kila moja, hiyo ni saa nzima. Ongezeni nusu saa ya somo moja dogo ambalo watu watalifanya kwa mikono papo hapo, mfano kupiga uso wa mtu kando ya dirisha, kisha nusu saa ya matangazo na chai.

Mada za miezi mitatu ijayo zitangazwe mapema, na zifuate hali ya hewa ya jiji. Mvua ndefu ya Machi hadi Mei ina madimbwi na miavuli. Julai na Agosti mawingu hutanda na mwanga huwa laini siku nzima, kwa hiyo huo ndio msimu wa nyuso. Oktoba ni ya mijakaranda, ingawa tunakuonya kwamba utaletewa zambarau hadi uchoke.

Msitenganishe simu na kamera. Mkilazimika kugawa watu, wagawanyeni kwa uzoefu. Jambo la mwisho: projekta ndogo katika ukumbi wenye madirisha, mchana, huua picha zote zenye giza. Kama hamna mapazia mazito, televisheni ya inchi 43 au zaidi itawafaa kuliko projekta.

Mashindano yetu ya kila mwezi yameleta uhasama. Majaji ni watatu, kila mmoja anatoa alama kati ya 1 na 10, tunajumlisha. Mwezi uliopita ilishinda picha ambayo majaji wawili hawakuipa nafasi ya kwanza. Watu wanasema kuna upendeleo. — Katibu, South B

Katibu, huenda hakuna aliyependelewa. Angalieni hesabu kwanza. Chukua picha mbili, moja ya foleni ya magari na moja ya fundi viatu. Jaji wa kwanza hana mkono wa kubana: foleni anaipa 9, fundi 4. Wenzake wawili ni watu wa katikati, na kila mmoja anaipa foleni 6, fundi 7. Jumla: foleni 21, fundi 18. Majaji wawili kati ya watatu walimtaka fundi, lakini foleni imeondoka na ushindi, kwa kuwa anayetawanya alama zake mbali ana nguvu kuliko anayezikusanya pamoja. Mkiendelea hivyo mwaka mzima, mshindi atakuwa anachaguliwa na mtu mmoja bila yeye mwenyewe kujua.

Acheni alama za kumi. Kila jaji achague picha tano bora na kuzipanga kwa nafasi: ya kwanza pointi 5, ya pili 4, hadi ya tano pointi 1. Zikilingana, tazameni ipi imepata nafasi ya kwanza mara nyingi zaidi. Karatasi za majaji zibandikwe ukutani mara tu matokeo yakisomwa. Minong'ono mingi huishia hapo.

Halafu ficheni majina kwa dhati. Faili la picha hubeba ndani yake aina ya kamera, na wakati mwingine jina la mwenyewe, kwa hiyo katibu azipe namba tu, 01, 02, 03, na majaji wazione kwenye skrini badala ya kutumiwa mafaili. Picha iliyokwisha kuwekwa kwenye status ya WhatsApp isiingie shindano la mwezi huo, maana kila mtu anajua ni ya nani. Jaji mmoja angalau atoke nje ya klabu. Badilishaneni na klabu nyingine, hata ya mtaa wa pili. Kila upande ulipe nauli ya mgeni wake.

Uhasama mwingi, hata hivyo, hauletwi na pointi. Unaletwa na maneno. Wekeni utaratibu huu: picha inatazamwa nusu dakika kimya. Msemaji anaeleza kwanza anachokiona, kisha mahali jicho lake lilipokwama, na mwisho jambo moja ambalo mpigaji angeweza kulibadilisha akiwa pale pale: hatua mbili kushoto, kupiga magoti, kungoja yule mwenye mkokoteni apite. Mwenye picha anyamaze hadi mwisho, kwa sababu anayejitetea hasikii. Na "haina hisia" ipigwe marufuku. Hakuna mtu aliyewahi kutoka mkutanoni akajua cha kufanya na maneno hayo.

Michango yetu inaingia kwenye simu ya mweka hazina. Ni mtu mwaminifu, lakini sasa tunataka kununua tripodi na taa za pamoja. Tujisajili? — Mwanachama, Donholm

Uaminifu wake msiutie majaribuni. Pesa za klabu zikikaa pamoja na za unga na karo, hata malaika atashindwa kuzitenganisha.

Kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinahitaji watu wasiopungua kumi. Mnaandaa katiba fupi, kumbukumbu za mkutano mliokubaliana kujisajili, na orodha ya wanachama na viongozi yenye namba za vitambulisho, mnazipeleka ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Mkishapata cheti, fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, wawili wakitosha kutoa pesa. Mtu mmoja akisafiri kwenda mashambani, klabu haisimami.

Katiba za klabu nyingi tunazosoma husahau mambo mawili. Kwanza, vifaa vitakwenda wapi klabu ikivunjika. Andikeni sasa mkiwa bado mnapendana. Pili, hakimiliki: katika sheria ya Kenya, picha ni mali ya aliyeipiga isipokuwa kuna mkataba mwingine, na klabu haina haki ya kuiweka kwenye bango eti kwa kuwa ilishinda. Sentensi moja inatosha: mwanachama anairuhusu klabu kuonyesha picha yake kwa shughuli za klabu zisizo za biashara, na jina lake litajwe.

Kifaa kikiazimwa, daftari lionyeshe namba yake ya kiwandani, tarehe ya kurudishwa, na sahihi mbili. Kioo cha lenzi kimulikwe tochi mbele ya wote wawili kabla hakijatoka.

Tulikwenda kupiga picha katikati ya jiji, watu 16, tukafukuzwa na walinzi mara tatu. Na nyuso zote zilitoka na vivuli vyeusi machoni. Tulikosea wapi? — Kikundi, Kayole

Mlikosea idadi na saa.

Watu 16 wenye tripodi mbele ya jengo wanaonekana kama kampuni inayorekodi tangazo, na mlinzi ameagizwa kuzuia hilo. Gawanyikeni wanne wanne, tripodi zikae ndani ya mifuko, mkutane tena mwishoni mahali mlipokubaliana. Uwanja wa jengo la kibinafsi una mwenyewe, hata kama unapitika kama barabara; andikeni barua kwa wasimamizi siku kadhaa mapema, mkitaja tarehe, saa, idadi ya watu na kwamba picha si za kuuza. Mlinzi akisema hapana, ondokeni. Huyo hana mamlaka ya kubadilisha amri, na mabishano yenu yatamgharimu yeye kazi.

Ikulu, kambi za jeshi na vituo vya polisi msivielekezee lenzi. Hilo ni muhimu hasa kwa wanaopenda Arboretum: bustani hiyo inapakana na eneo la Ikulu, kwa hiyo lenzi ndefu zitazame miti na ndege wa ndani, si ng'ambo ya ua. Droni iacheni nyumbani, kwani bila usajili na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga hairuhusiwi kuruka.

Sasa vivuli. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, na jua letu hupanda wima. Linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likipishana robo saa hivi tu kwa msimu, na saa mbili baadaye limekwisha kupanda takriban nyuzi 30. Mnaotoka nyumbani saa nne mnafika wakati mwanga mzuri umeshaondoka, na Machi na Septemba mambo huwa mabaya zaidi kwa kuwa adhuhuri jua liko utosini. Kutaneni Jumapili saa kumi na mbili na robo, mmalize saa mbili na nusu. Barabara za jiji zina nafasi wakati huo. Mkichelewa, wapeleke watu wenu kwenye kivuli cha jengo refu, uso wa mtu uelekee upande wa barabara iliyo wazi. Mwanga unaorudi kutoka lami na kuta za mbele utajaza macho.

Tulifanya maonyesho ya picha 20 za A3. Kwenye simu zilipendeza. Kutoka duka la kuosha picha zikaja nyeusi, nyingine zimepasuka vijimraba, na baada ya siku mbili zikaanza kuanguka ukutani. Hasara tupu. — Kamati, Buruburu

Poleni. Hayo ni makosa matatu tofauti.

Vijimraba vimetoka WhatsApp. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli, yaani vidoti vinavyoiunda, 4000 kwa 3000, na kwenye A3 yenye upana wa sentimita 42 inatoa takriban pikseli 240 kwa inchi, ambazo zinatosha kabisa. Ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp huishusha hadi karibu pikseli 1600, na sasa A3 ileile inabaki na pikseli 97 kwa inchi. Faili hilo linafaa kwa picha ya upana wa sentimita 20, basi. Tumeni kama dokumenti, au kwa barua pepe, na katibu akague ukubwa wa kila faili kabla ya kulipokea.

Weusi unatokana na skrini. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inaazima wa chumba. Punguzeni mng'ao wa skrini hadi karibu nusu mnapohariri na mzime ule unaojibadilisha wenyewe. Kisha chagueni picha moja yenye giza, ioshwe mara tatu kwa ukubwa mdogo wa sentimita 10 kwa 15: kama ilivyo, iliyoangazwa kidogo, na iliyoangazwa zaidi. Zipelekeni kwenye ukumbi wenyewe, mzitazame chini ya taa zile zile, ndipo muagize zote. Mafaili yawe ya sRGB, mpangilio wa rangi unaotumiwa na simu na skrini nyingi. Ya Adobe RGB, mpangilio wenye rangi nyingi zaidi, hutoka na rangi zilizofifia pale mashine isipoisoma alama hiyo. Karatasi ya kung'aa iepukeni ukumbini, kwa kuwa itaonyesha madirisha.

Angalieni pia umbo. Picha ya simu ya 4:3 ikijazwa kwenye A3 inakatwa karibu sentimita 2 za urefu, na vidole vya miguu hupotelea hapo. Ombeni ioshwe nzima, na ukingo mweupe ubaki.

Kuhusu kuanguka: gundi ya pande mbili haishiki ukuta wenye vumbi au rangi ya maji. Bandikeni picha kwenye fomubodi, ubao mwepesi wa povu, ya milimita 5, na nyuma yake bandikeni karatasi nyingine ya unene huohuo, la sivyo bodi itapinda kuelekea upande wenye gundi. Itundikeni kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki kutoka kwenye ubao wa juu. Katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Pimeni ukuta kabla ya kuchagua picha: A3 ishirini zilizolala, zikiachana sentimita 10, zinahitaji mita 10 na sentimita 30.

Tunataka kuonyesha picha za watoto wa mtaa wakicheza. Wazazi wanatujua. Inatosha? — Dada wa Picha, Kariobangi

Haitoshi, dada. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Andaa karatasi ya nusu ukurasa kwa Kiswahili: picha ipi, itaonyeshwa wapi, kwa muda gani, na namba ya kupiga mzazi akibadilisha mawazo. Ambatisha nakala ndogo ya picha yenyewe ili aone anachokubali. Akikataa, piga watoto wakiwa wamekupa mgongo, au vivuli vyao saa kumi na moja jioni.

Lenzi ya klabu imeota kitu kama utando wa buibui ndani. Itaambukiza nyingine? — Mtunza vifaa, Ngara

Ni ukungu. Mbegu zake ziko kila mahali hewani, kwa hiyo kinachoziotesha ni unyevu zaidi kuliko ujirani, na mfuko wa kamera wenye sponji nyuma ya kabati mwezi wa Aprili ni shamba lake. Mpelekee fundi mapema, maana ukikaa unakula rangi ya juu ya kioo na alama haitoki tena. Nyingine zihamishie kwenye kontena la plastiki la chakula lenye mpira wa kuziba, pamoja na gramu 100 za silika jeli, punje za kunyonya unyevu, ya kubadilika rangi. Ikigeuka kutoka chungwa kuwa kijani, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, iache ipoe ikiwa imefunikwa, kisha irudishe.