Nani Anaruhusiwa Kukuuliza?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana ni hili: "Mama, nimeokoka miaka kadhaa sasa, naimba kwaya, nafunga, mikesha siikosi, mbona najiona nipo palepale?" Hasira ni zilezile, uongo mdogo mdogo haujakoma, na nyumbani hakuna aliyeona tofauti. Huwa simwongezei kijana wa namna hiyo mkesha mwingine. Namuuliza: nani anaruhusiwa kukuuliza habari za maisha yako, nawe ukamjibu kweli?

Wengi hunyamaza. Kwa maoni yangu, shida ipo hapo.

Mimi nimelelewa na wapendwa wa Uamsho, ule mwamko wa toba wa Afrika Mashariki, hapa Kagera. Kwa wasioijua historia hiyo, moto ule uliwaka miaka ya 1930 katika misheni ya Kianglikana ya Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, ukaingia kwetu na kuenea hadi Kenya. Nyuma yake kulikuwa na Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church, waliokutana Kampala mwaka 1929 wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Siku hizi watu wanakumbuka zaidi wimbo wa Tukutendereza na makusanyiko makubwa. Lakini kilichowakuza wazee wetu ni ule mkutano mdogo wa kila juma, sebuleni kwa mtu. Waliimba, wakasoma fungu, kisha kila mmoja akasema yuko wapi na Bwana leo. Habari za mwaka aliookoka zilikuwa zimeshasikika. Walitaka za wiki hii. "Juzi nilimjibu mume wangu kwa dharau." "Shemeji yangu amenikosea na moyo wangu umekataa kusamehe." Hakuna aliyeshtuka. Waliombeana, wimbo ukaimbwa, akafuata mwingine.

Waliita hivyo kutembea nuruni, kutokana na 1 Yohana 1:7: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Ushirika na utakaso vimewekwa katika sentensi moja. Tumejizoesha kuvitenganisha: utakaso tunautafuta peke yetu chumbani, ushirika tunaufanya kwenye chai baada ya ibada.

Katika Uamsho huo alitoka Josiah Kibira, mwana wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 mkutano wa Dar es Salaam ulimchagua kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Alitoka humo pia Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda, aliyeuawa tarehe 16 Februari mwaka huohuo baada ya kusimama kinyume cha uonevu wa Idi Amin. Nikimtafakari Luwum, naamini ujasiri ule haukumshukia ghafla siku alipoitwa mbele ya watawala. Mtu aliyezoea kusema kweli mbele ya ndugu zake kwa miaka mingi, kweli haimpi shida kuitambua siku ya hatari.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mzito kuliko yote, ni kwamba utafute ndugu wawili au watatu wa kutembea nao nuruni. Wawe wa jinsia yako. Asiwe mtu unayemlipa mshahara, wala anayekulipa, maana hapo ukweli utaogopa. Wawe wamethibitika kutunza siri. Ukisikia mtu akikueleza dhambi ya mwingine "ili tumwombee", jua yako nayo itaombewa mtaa mzima. Kaeni pamoja kila juma, hata kama ni saa moja tu. Ukiwa mbali na kwenu, kwa mfano kazini Dubai au masomoni Ulaya, simu ya mazungumzo inatosha. Kundi la WhatsApp la kurushiana mistari asubuhi halitoshi, kwa sababu pale hakuna anayekuuliza kitu.

Kuungama kuna mipaka yake. Usiweke hadharani siri ya mwenzi wako ukaiita toba yako. Dhambi inayomjeruhi mtu wa tatu ikisemwa mbele za watu, ipelekwe kwa mchungaji faraghani. Na kama ni uhalifu au kuna mtoto anayeumizwa, maombi ya kikundi si mbadala wa kwenda polisi au ustawi wa jamii. Nimeona pia vikundi vikigeuka mahakama, vikipima nywele na mavazi ya dada zao kuliko upendo. Uganda, miaka ya 1970, wapendwa wenyewe waligawanyika lilipotokea kundi lililoweka masharti makali. Ukiona kila mara mnatoka mmeogopana badala ya kupendana, semeni wazi, na msiposikilizana, ondoka kwa amani.

Jambo la pili ni pesa. Wazee wa Uamsho walijulikana kwa kurudisha. Aliyeiba jembe alilirudisha, mwenye deni alilipa, kama Zakayo aliyesema, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Huku kwetu tuna butura: mkulima mwenye shida ya ada au matibabu anauza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kuumiza. Katika ushirika wetu alikuwepo ndugu aliyenunua kahawa hivyo. Tulikuwa tunasoma kitabu cha Amosi, tukafika sura ya 8, kuhusu wanaowanunua maskini kwa fedha. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Wiki iliyofuata akasema mwenyewe, na baada ya mavuno akapita nyumba kwa nyumba akiwaongezea watu tofauti ya bei. Mkewe ndiye aliyelia siku ile, kwa furaha. Nimesikia mahubiri mengi juu ya utakatifu, lakini lile lilinifundisha zaidi.

Basi chunguza daftari lako kabla ya kuomba kupanda kiwango kingine cha kiroho: mkopo wa VICOBA, kikundi chenu cha kuweka na kukopa, unaoukwepa, mshahara wa dada wa kazi uliochelewesha, nauli ya boda uliyosema utatuma.

Kuhusu Neno nitasema kwa ufupi. Chagua kitabu kimoja, tuseme Waraka wa Yakobo, ukae nacho miezi. Kisome kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama kama unayo. Mistari ya kuokotaokota mitandaoni haijengi. Waebrania 5:14 inasema chakula kigumu ni cha watu wazima, "ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya." Mazoezi hayo yanakuja kwa kulitii lile ulilosoma jana.

Utafika pia wakati maombi hayana ladha. Usikimbilie kwa mtumishi mwenye mafuta ya upako. Omba Zaburi ya 13 ilivyo, na manung'uniko yake yote, na waambie ndugu zako kwamba huwezi kuomba wiki hii; wao wataomba na wewe utaitikia amina. Mimi nilipofiwa, nilibebwa hivyo kwa muda mrefu.

Ukitaka kuanza, usisubiri kanisa litangaze programu. Mpigie mtu mmoja unayemwamini na umwambie: nataka uwe unaniuliza kuhusu hasira yangu, au simu yangu, au ndoa yangu, taja jambo lenyewe. Akiogopa, mpe muda, mtafute na mwingine. Akikubali, pangeni siku na saa, na mara ya kwanza uanze wewe kusema.