Kabla ya vekta, zijue seli zako

Wengi wanaoanza maabara huja na hamu ya kufika kwenye vekta, yaani virusi vilivyoondolewa uwezo wa kuzaliana na kufanywa vibebaji vya jeni. Hamu hiyo ni njema. Lakini ukiniuliza pa kuanzia, nitakupeleka kwenye inkubeta, kabati la joto ambamo seli hukuzwa, maana seli dhaifu hazitoi vekta nzuri hata ukizibembeleza vipi.

Seli utakazozikuta karibu kila mahali ni HEK 293, zilizotokana na figo ya kijusi cha binadamu. Frank Graham alizipata mwaka 1973 huko Leiden, Uholanzi, katika maabara ya Alex van der Eb; 293 ni namba ya jaribio lake. Hukua haraka na kupokea DNA ngeni kwa urahisi, ila hazishiki sawasawa kwenye chombo. Ukizimiminia chakula, yaani kioevu chenye virutubisho vyake, juu kwa juu, zinabanduka mapande mapande kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Elekeza pipeti ubavuni mwa chombo, kioevu kishuke taratibu, tena kiwe kimepashwa joto.

Kila asubuhi tazama rangi ya chakula kabla ya kufungua chochote. Kikiwa chekundu, endelea. Kikigeuka njano, asidi imezidi: ama seli zimejaa, ama bakteria wameingia. Kikielekea zambarau, kagua mtungi wa CO2 (kaboni dioksidi) unaolisha inkubeta, huenda umekwisha.

Sasa maikoplazma, na hapa naomba utulie. Hawa ni bakteria wasio na ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haiwafanyi kitu. Ni wadogo kiasi kwamba wengine hupenya kichujio cha maikromita 0.22. Chakula hubaki maangavu, seli zinaendelea kugawanyika, nawe unaamini mambo ni shwari huku matokeo yako yote yakipotoka. Hadubini ya kawaida haitakuonyesha. Kipimo ni PCR, yaani kunakili DNA yao hadi ionekane, au kutia rangi DNA. Pima mara kwa mara, na seli zilizotoka maabara nyingine zitenge hadi majibu yatoke, hata kama aliyekupa ni rafiki yako. Ukiwakuta, tupa kwa kufuata utaratibu, uanze na kichupa kingine cha akiba. Sipendi kabisa tabia ya kuweka antibayotiki kila siku. Huficha uchafu na kuzoesha mikono uzembe.

Ndiyo maana akiba hugandishwa mapema, seli zikiwa bado changa: DMSO (kemikali inayokinga seli zisiharibiwe na barafu) asilimia 10, joto lishuke kama nyuzi 1 kwa dakika, kisha kwenye tangi la naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Tangi hilo halitegemei umeme, lakini naitrojeni hupungua kila siku. Wiki yako ya kwanza, uliza nani analijaza na siku gani, na akisafiri nani anashika zamu yake.